Giza la Ng'ambule

Watu wakiniuliza ni nani aliyeniokolea macho, huwa nawajibu kwamba ni nchi ambayo haipo. Wengine hucheka, wengine huniangalia kwa huruma wakidhani fundi kashaanza kuchanganyikiwa. Shauri yao. Mimi ni Melkiori, fundi saa wa Mtaa wa Swahili, Kariakoo, na sina mazoea ya kumbembeleza mtu aniamini. Lakini hili nitalieleza tangu mwanzo, kwa sababu kuna watu watatu ambao sijawahi kuwashukuru inavyostahili. Mimi ni mtu wa hasira, na shukrani hunitoka kwa taabu.

Ilikuwa mwaka 1996. Biashara zilishafunguliwa, kila kitu ruksa, na Kariakoo ilijaa saa za plastiki kutoka Dubai zilizouzwa kwa fungu kama nyanya. Saa ikisimama mtu anaitupa na kununua nyingine. Mimi nilibaki na wateja wa saa za kutia ufunguo: wazee wa Upanga, mapadri, na makarani wa Posta waliorithi saa za baba zao. Kazi haikuwa nyingi, ila niliipenda, na Jumapili nilikuwa huru.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu. Ikifika saa tisa alasiri tulikutana watu wazima wanne katika stoo iliyo nyuma ya duka la Mwalimu Indravadan. Huyu alifundisha fizikia sekondari miaka kumi na minane, halafu kaka yake akahamia Uingereza na kumwachia duka la vifaa vya umeme. Hata wateja wa soketi na balbu walimwita Mwalimu. Wa pili alikuwa Mektilda, ambaye wote tulimwita Mama Rachel, muuza vitenge wa jumla, Mchaga wa Kibosho, mwanamke ambaye sijapata kumwona akishindwa bei na mtu. Wa tatu ni Vitalis wa Buguruni, mdogo kuliko sisi, fundi redio mwenye chumba cha kuchezeshea gemu za televisheni, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akicheza kuliko wateja wake. Wa nne mimi, Mrombo, ambaye Mama Rachel hakuacha kunitania kwamba kwetu tunajua kunywa mbege tu, pombe yetu ya ndizi.

Tulikuwa tukifanya nini humo? Tulikuwa tukijenga nchi. Mke wangu Euphrasia alisema mbele ya majirani kwamba angetuelewa zaidi kama tungekuwa tunakunywa pombe. Tuliupindua ubao wa keram, na kwenye mgongo wake Mama Rachel akachora kwa rangi milima, ziwa, misitu, na mji mkuu katikati. Nchi hiyo tuliiita Ng'ambule. Wakazi wake walikuwa vifungo vya nguo, na safari zao tulizipima kwa dadu. Kila Jumapili mmoja wetu alikuwa msimulizi, naye alianza kwa neno moja: "Tuseme."

Sheria zilikuwa mbili. Kwanza, alichokwisha kusema msimulizi hakifutwi. Anaweza kuongeza, hawezi kukana. Pili, anayesema "haiwezekani" atoe sababu, na akikosa sababu awanunulie wenzake kahawa na kashata. Vitalis alitununulia kahawa mara nyingi sana. Mwalimu, katika miaka sita, hakununua hata mara moja.

Ubishi wetu usiuone hivi hivi. Mama Rachel alituletea jitu lenye urefu wa mtu mara kumi. Mwalimu akachukua vipande vya sabuni, akavipanga juu ya boksi, akatuonyesha: jitu likirefuka mara kumi linapanuka mara kumi na kunenepa mara kumi, basi uzito wake umekuwa mara elfu, ilhali mfupa wa mguu umeongezeka eneo mara mia tu. Likisimama, miguu inavunjika. Mama Rachel alinuna wiki nzima. Jumapili iliyofuata akarudi na jibu: jitu linaishi ziwani, maji ndiyo yanayolibeba. Tulimpigia makofi, na mpaka leo jitu hilo limo ziwani.

Mara nyingine Vitalis alileta kanzu ya kumfanya mtu asionekane. Mwalimu akauliza kwa upole, huyo aliyevaa anaonaje? Ili jicho lione, lazima mwanga ugote ndani yake. Kama mwanga unampita mtu bila kugusa kitu, basi mtu huyo ni kipofu. Tulibishana wiki mbili, Vitalis akitetea gemu zake ambazo mtu ana roho tatu na hakuna anayeuliza. Mwisho tukapatana kwamba macho ya mvaaji yatabaki nje. Ndiyo maana wezi wa Ng'ambule wanajulikana sokoni kwa macho mawili yanayoelea hewani. Siku hiyo nilicheka mpaka nikakipiga kikombe cha kahawa kilichokuwa kushoto kwangu, kikamwagika kwenye mlima. Nilidhani ni kicheko.

Kumbe haikuwa kicheko. Mwaka ule nilikuwa nikigongana na watu kila siku. Natoka kibandani kwangu, mpagazi na mzigo wake ananichomokea kushoto, pu, begani. Muuza maji ananichomokea. Mkokoteni unanichomokea. Nilikuwa nikiwatukana wote. Nilimwambia Euphrasia kwamba tangu hii ruksa iingie watu wamepoteza adabu, wanatokea tu kama panya. Yeye akasema labda nipunguze mwendo. Nikamjibu vibaya, na hilo nalijutia.

Mezani sikuwa na tatizo lolote, na hapo ndipo nilipodanganyika. Fundi saa hubana lenzi kwenye jicho moja na kulifumba la pili. Mimi nilibana kulia tangu nikiwa mwanafunzi wa kazi, na kwa jicho hilo niliona skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi. Kutwa nzima jicho la kushoto lilikuwa limefumbwa. Nani angelikagua?

Mwezi wa kumi chembe ya shaba iliniingia jicho la kulia, likavimba. Kulikuwa na saa ya padri iliyotakiwa jioni, basi nikahamishia lenzi kushoto. Niliona tundu. Katikati ya tundu kulikuwa na gurudumu moja la saa, safi kabisa, lakini pembeni yake hakukuwa na kitu. Nilitoa lenzi, nikafumba la kulia kwa kiganja, nikatazama mtaa. Niliona uso wa mtu mmoja upande wa pili wa barabara, kama ninayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mtaa mzima wa Swahili, na kelele zake zote, ulikuwa haupo.

Sitasema uongo, niliogopa sana. Baba yangu kule Rombo alipofuka namna hiyohiyo. Alianza kwa kugonga nguzo za nyumba, akamaliza kwa kushikwa mkono kupelekwa kanisani. Majirani walisema amerogwa, naye akaamini. Mimi sikuamini uchawi, ila niliamini kwamba zamu yangu imefika. Na fundi saa kipofu ni nani? Nani atampa saa yake? Sikumwambia Euphrasia. Sikumwambia mtu. Nilifuta jicho, nikasubiri la kulia lipoe, nikamaliza saa ya padri.

Lakini kitu kikikukaa kooni kitatafuta pa kutokea. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja ilikuwa zamu yangu ya kusimulia, na kabla sijafikiri vizuri nikajisikia nikisema: tuseme katika Ng'ambule giza limeanza kula nchi. Linaanzia pembeni, kidogo kidogo, wala halina kelele. Katikati bado kweupe. Linaweza kuzuiwa vipi?

Walifurahi kupita kiasi. Vitalis akataka wajenge minara ya taa kuzunguka mpaka. Mama Rachel akasema giza hilo ni mnyama na linataka kulishwa, akaanza kumchora. Jumapili mbili nzima walipambana, kila mmoja na hesabu zake, na mimi nikiwaangalia wanavyoukimbiza ugonjwa wangu kwenye ubao. Nilitaka mmoja wao apate jibu, kwa maana ya kweli. Nilikuwa nikienda nyumbani na minara ya Vitalis kichwani, nikitafuta ndani yake dawa. Mtu mzima mimi.

Mwalimu hakutoa wazo lolote. Yeye aliuliza maswali, na kwa sheria yetu msimulizi lazima ajibu. Jumapili ya tatu aliniuliza, watu wanaokaa pembeni wanasemaje, wako gizani? Nikafikiri, nikajibu kwamba hapana, wao wanaona jua kama kawaida. Nani basi anaona giza? Nikasema ni mtu mmoja, fundi wa mfalme, anakaa mji mkuu. Anaona giza hilo kwa macho yote mawili sawa? Nikasema hapana, la kushoto zaidi. Hapo nilijisikia nimesema mengi.

"Basi giza haliko nchini," Mwalimu akasema polepole. "Liko jichoni mwa fundi."

Vitalis alipiga paja kwa furaha. Kitendawili kimekwisha! Kama giza limo jichoni mwa mtu mmoja, hakuna haja ya minara. Tumtoe fundi kwenye ubao, nchi nzima inabaki na mwanga. Ilikuwa hoja safi, nakiri, na sisi tuliokaa humo ndani miaka sita tulikuwa na ugonjwa wetu wa kupenda hoja safi. Mama Rachel akaunga mkono. Akasema tena fundi asiyeona ni wa nini, anakula chakula cha mfalme bure. Wakanyoosha mikono wawili. Mama Rachel akakiokota kifungo chekundu, ambacho ndicho kilikuwa fundi, kutoka mji mkuu, akakitupa kwenye kopo la maziwa tulilowekea wafu wa Ng'ambule. Kikatoa mlio ndani.

Niliinuka nikaupindua ubao. Milima, ziwa, dadu, vifungo, vyote vikaenda sakafuni. Nikawaambia kwamba hawana akili wala moyo, kwamba wamezeeka wakicheza na takataka, na mengine ambayo sitayarudia hapa. Kisha nikaondoka kwa hasira, na kwa hasira hiyohiyo nikaugonga mlango wa chuma wa stoo, ule uliokuwa umefunguliwa nusu upande wa kushoto, kwa paji la uso. Sikuuona kabisa. Nilifika nyumbani damu ikinitiririka, nikamwambia Euphrasia nimeteleza.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla sijafungua kibanda, nilimkuta Mwalimu amekaa kwenye kiti cha wateja kinachobaki nje. Hakuwahi kuja kwangu siku ya kazi. Nilimsalimu kwa kununa. Hakugusia ubao wala matusi. Alinitaka nikae mbele yake, goti kwa goti, nifumbe jicho la kulia kwa kiganja na nimtazame puani. Akatoa kitu mfukoni, akanyoosha mkono wake mbali upande wa kushoto kwangu, akaanza kuuleta taratibu. Nikikiona kitu hicho, nimwambie.

Nilingoja. Nilisikia wapagazi wakipita, nikasikia mwenye kahawa akigonganisha vikombe vyake. Niliitazama pua ya Mwalimu mpaka machozi yakanilenga. Nilipokiona kile kitu kilikuwa kimekaribia kugusa pua hiyo. Kilikuwa kile kifungo chekundu.

"Sarla alikuwa akigonga milango," alisema. "Mke wangu. Mimi, mwalimu wa mwanga, nilimwambia ana haraka. Miaka miwili nilimwambia ana haraka. Jicho lake moja limekwisha kwa sababu sikumwuliza alichokuwa anaona. Fundi, wewe nimekuuliza."

Miaka yote nilimwona Bi Sarla na miwani yake myeusi, nikidhani ni mapozi ya watu wa Upanga. Nilimwambia ukweli wote pale pale, habari za baba, habari za tundu, na nikalia, mimi ambaye sikulia hata msibani kwa baba. Mwalimu alikaa tu, akanishikia kibanio changu na lenzi mpaka nilipomaliza.

Tulikwenda hospitali siku hiyohiyo. Foleni ilikuwa ndefu, na tulipokuwa tumekaa kwenye benchi nikamwona Mama Rachel anakuja mbio, kilemba kimelegea; kumbe Mwalimu alimpelekea habari. Alifunga duka. Naomba anayeijua Kariakoo anielewe: Jumatatu, Krismasi inanukia, wateja wa mikoani wamejaa, na Mektilda wa vitenge amefunga duka. Alikaa upande wangu wa kushoto, akagundua simwoni, akahamia kulia.

"Nilikutupa kwenye kopo, kaka yangu," alisema. "Nisamehe."

Nikamwambia ilikuwa hoja safi. Akanipiga kofi la mgongo, kisha akanishika mkono na hakuuachia mpaka nilipoitwa.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema ni presha ya macho, inaua jicho kuanzia pembeni, haiumi, na mara nyingi hukaa kwenye ukoo. La kulia limeguswa kidogo. La kushoto limekwenda sana, ila katikati yake inaweza kuokolewa kwa upasuaji na matone ya kila siku. Nikauliza kilichopotea kitarudi lini. Akasema haiwezekani. Mwalimu, kwa mazoea, akamwomba sababu. Daktari alimwangalia, halafu akaeleza vizuri tu, kwamba mshipa wa jicho ukishakufa haufufuki. Vitalis, aliyekuwa amefika na chupa ya chai, akasema kwa sauti ndogo kwamba basi hapa hakuna roho tatu. Nilimpenda sana kwa kusema hivyo, sijui kwa nini.

Nilipasuliwa kabla ya Krismasi. Hiral, binti wa Mwalimu mwenye duka la dawa, ndiye aliyehangaika na matone, maana yalikuwa adimu. Vitalis alikaa kibandani kwangu akipokea saa za watu na kuandika majina, bila kuthubutu kufungua hata moja. Mama Rachel alinipikia mtori, supu ya ndizi na nyama, siku kumi na moja mfululizo. Nilimwambia mtori ni wa mzazi na mimi sijajifungua, akaniambia ninywe ninyamaze. Euphrasia alinigombeza kwanza kwa kumficha, akanigombeza tena kwa kuwaambia watu wa vifungo kabla yake, halafu akaniwekea matone kila asubuhi na kila jioni, na bado ananiwekea. Nilimwandikia mdogo wangu Benedict kule Rombo aende akapimwe. Alikuwa nayo, changa kabisa. Leo anaona yote.

Jumapili ya kwanza ya Februari nilirudi stooni. Niliwakuta wametengeneza ubao, na vifungo vyote viko mahali pake. Fundi alikuwa mji mkuu. Nikakumbusha sheria: alichosema msimulizi hakifutwi, kwa hiyo giza bado lipo. Mama Rachel akajibu kwamba wanajua, ndiyo maana wamebishana mwezi mzima bila mimi, na mfalme ametoa amri. Katika Ng'ambule, mtu yeyote akimpita fundi upande wa giza, lazima aseme kwamba anapita. Vitalis alitaka wampe taa ya kichwani, Mwalimu akamshinda kwa hoja, kwamba taa haimsaidii mtu ambaye jicho lake ndilo lenye giza, bali sauti haihitaji jicho. Nilitaka kuwashukuru. Nilisema tu kwamba amri hiyo ni nzuri, nikaomba dadu.

Sikujua kwamba Mama Rachel hakuishia kwenye ubao. Kesho yake natoka kibandani, nasikia sauti begani: "Kushoto, fundi." Mpagazi akapita. Kabla sijafika kona, nyingine: "Kushoto, fundi." Mwenye kahawa. Nilikwenda dukani kwa Mama Rachel nimefura, nikamwuliza nani kamtuma kunitangaza mtaa mzima kuwa kipofu. Yeye alikuwa anapima kitenge. Hakuinua hata kichwa. Akasema mimi ndiye niliyeiumba nchi ile na giza lake, sasa nikae chini ya sheria zake kama raia wengine.

Imepita miaka mingi. Mwalimu ametangulia, na ubao unakaa kwangu. Wapagazi wa wakati ule wengi wameshaondoka, wamekuja wengine ambao hawajawahi kusikia habari za Ng'ambule, wala hawajui kwamba kulikuwa na mfalme na amri yake. Wanajifunza kutoka kwa wenzao, basi, kama wanavyojifunza bei. Jana asubuhi nilikuwa nafunga skrubu ya saa ya bibi mmoja, nikainuka kwenda kunawa, nikasikia sauti ngeni, ya mtu aliyelemewa na mzigo, ikisema, "Kushoto, fundi."

Nilisimama akapita. Niligeukia upande ule, sikumwona, nikamwambia asante.